Bunduki Hairithiwi

Wajukuu wangu, mlio nyumbani Bomet na mlio mbali,

Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, kwa hiyo mimi nasema na kitinda mimba wenu anaandika. Nimemwapisha asiongeze neno wala asipunguze.

Nimesikia mnaulizana, tena kwa sauti isiyofaa mbele ya wageni, bunduki ya babu itabaki na nani. Mkubwa anasema ni yake kwa kuwa alizaliwa kwanza. Wa pili anasema ni yake kwa kuwa shamba la mahindi analima yeye na kunguru wanamfukulia mbegu yeye. Yule wa Malindi anasema huko hotelini kunguru wamezidi wageni, basi apewe yeye. Msichana hajadai kitu, ila ndiye pekee aliyewahi kuketi nami akaniuliza mtu hulenga vipi. Nataka neno hili liishe nikiwa hai, maana mzee akishalala kila mtu humtilia maneno kinywani.

Jibu langu ni fupi: hapewi mtu. Cheti cha ile bunduki ya marisau, hiyo mnayoiita shotigani, kimeandikwa jina langu, na kila mwaka nimekihuisha kwa jina langu. Nikifa, kinakufa nami. Atakayeichukua akaificha chini ya godoro au juu ya dari, hata akiwa ni damu yangu, atakuwa na silaha bila leseni, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haina huruma na mtu wa namna hiyo. Kabla ya matanga kwisha, wawili wenu waichukue pamoja na risasi zote zilizobaki, waende na chifu hadi kituo cha polisi, waikabidhi kwa mkuu wa kituo na warudi na karatasi ya kuthibitisha. Yeyote anayetaka bunduki baada ya hapo aombe leseni yake mwenyewe kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, achunguzwe mwenendo wake, aeleze anaitakia nini. Akinyimwa, asiseme babu alimnyima.

Ninachowaachia ni ujuzi. Huo hauombewi leseni, na nimeona watu wengi wenye bunduki wasio nao. Nikiufupisha wote kwa neno moja ni hili: kabla hujafyatua, ujue marisau yako yataishia wapi. Mengine yote nitakayosema ni matawi ya mti huo.

Kwanza mkumbuke bunduki ilivyoingia kwetu. Haikuja kuwinda ndege. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kiliingia Sotik, watu wetu wakauawa na ng'ombe wao wakaswagwa. Mwaka huohuo, Oktoba 19, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi kule Nandi alikokwenda kuonana na Wazungu kwa mazungumzo ya amani. Babu zangu walikuwa na pinde na mishale, na walilenga vizuri. Hawakushindwa shabaha, walishindwa silaha. Miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yakaanza Kericho, na pamoja nayo wakaja mameneja waliopenda kupiga ndege Jumapili. Hivyo bunduki katika nchi hii ilikwisha kumwelekea mtu kabla ya kumwelekea kanga. Mkiishika, mshike mkijua hivyo, wala msiicheze mbele ya watu mkidhani mnachekesha.

Mimi nilijifunza kulenga kabla ya kuruhusiwa kugusa bunduki. Nikiwa kijana niliajiriwa na klabu ya mameneja wa chai, kazi yangu kukaa shimoni kando ya mtambo wa kurushia visahani. Mpigaji akipaza sauti, mimi naachia mtambo, kisahani kinaruka, yeye anafyatua. Visahani hivyo huitwa vya udongo, ingawa vimetengenezwa kwa lami na unga wa chokaa. Upana wake ni milimita 110 na uzito wake gramu 105 hivi. Zamani Ulaya na Marekani walikuwa wakiwafungulia njiwa hai kutoka vizimbani na kuwapiga. Hata wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 njiwa hai walipigwa kwa mamia mbele ya watazamaji. Lakini huko Cincinnati, Marekani, mtu aitwaye George Ligowsky alikuwa amekwisha kubuni kisahani cha udongo mwaka 1880, na polepole kisahani kikachukua nafasi ya njiwa. Damu ikaondoka, mchezo ukabaki, na ugumu wake haukupungua.

Mle shimoni niliona jambo ambalo mpigaji mwenyewe halioni. Karibu kila anayekosa hukosa nyuma. Kisahani kinapita, wingu la marisau linafika pale kilipokuwa. Mpigaji anageuka kuilaumu bunduki, au jua, au kijana wa mtambo. Mimi nilikuwa nikinyamaza, maana nilikuwa nalipwa kunyamaza, lakini nilikuwa nikihesabu.

Baadaye nikawa askari wa wanyama katika Idara ya Wanyama ya serikali, nikapewa bunduki na mafunzo rasmi. Nilikuwepo Mei 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama nchi nzima. Nilikuwepo idara yetu ilipovunjwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likashika kazi mwanzoni mwa 1990. Wenzangu wengi walidhani marufuku ile ingeua ujuzi wa kulenga. Haikuuua. Iliuondolea kisingizio tu: mtu akitaka kusifiwa kwa shabaha, na avunje kisahani.

Nianze na wewe mkulima wangu, kwa sababu malalamiko yako ni ya kweli. Kunguru wanaofukua mahindi yako ni wa aina mbili. Kuna yule mwenye kifua na shingo nyeupe, anayeonekana karibu kila mji wa Kenya. Na kuna yule mweusi mtupu wa nyanda za juu, mwenye mdomo mwembamba, anayetembea shambani kwa madaha. Wote wawili ni wazaliwa wa hapa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawahesabu wanyama na ndege wa porini wa asili ya nchi hii kuwa ni wa kulindwa, na imekataza kabisa uwindaji wa kujifurahisha. Hasara yako haikupi ruhusa ya kuwapiga. Ikizidi, iripoti kwa KWS. Nimefanya kazi hiyo na najua afisa akija anataka kuona shamba, siyo mizoga.

Hata tukiiweka sheria kando, bunduki ingekufelisha. Kunguru ana akili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, waliwahi kuvaa barakoa ya sura moja wakati wa kuwakamata kunguru na kuwaachia. Miaka kadhaa baadaye yeyote aliyepita pale na barakoa ile alizomewa na kundi zima, wakiwemo kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Wa kwetu nao hujifunza. Ukimpiga mmoja leo, kesho wenzake watakaa hatua kumi mbele ya mwisho wa marisau yako, watakutazama, na ukiingia nyumbani kunywa chai watashuka. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, na huyu wa mahindi anajua kulikimbiza kwa vipimo.

Fanya hivi. Kunguru humharibia mkulima katika wiki mbili tatu za kwanza, mbegu inapochipua na kabla mizizi haijashika. Panda pamoja na majirani zako, siku zilezile, ili hasara igawanyike badala ya kukuangukia wewe uliyetangulia peke yako. Fukia mbegu kina cha kutosha na usiache punje juu ya ardhi, maana punje moja iliyoonekana ndiyo inayowaita wote. Tandaza nyuzi juu ya mistari ya mahindi. Mlinzi awepo alfajiri na jioni, nyakati wanazokula. Vifaranga wafunikie tenga. Na ukumbuke kunguru huyohuyo, mahindi yakishapanda, hula viwavi na wadudu wa shamba lako bila kukutoza shilingi.

Sasa nikwambie kwa nini mimi mwenyewe, nikiwa na leseni na shabaha, sikuwahi kupiga kunguru katika shamba lile. Kuna chai pande tatu. Chai yetu ikikatwa vizuri hufika kiunoni, na mchumaji akiinama hatumwoni. Utaona kijani kitupu, utasema pako wazi, kumbe ndani ya kijani hicho kuna akina mama kumi na vikapu vyao. Marisau madogo ya bunduki hii hayana nguvu ya kuua ndege kwa hakika baada ya mita 35 au 40, lakini yanaendelea kuruka na kuanguka hadi mita 200 na zaidi. Ndiyo maana viwanja vya kupigia visahani huacha karibu mita 300 za ardhi tupu mbele. Nionyesheni mahali kati ya Litein na Mogogosiek penye mita 300 za ardhi isiyo na mtu. Hapapo. Huku kwetu kila kichaka kina mtu.

Wewe uliye Malindi, kunguru wako ni mwingine kabisa. Yule mwenye shingo ya kijivu hana asili Afrika. Alitoka Bara Hindi, akaletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe takataka za mji, akaenea pwani yote. Anakula mayai na makinda ya ndege wa asili, anapora sahani za wageni, anaingia jikoni. Juni 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru hao milioni 1 kabla ya mwaka kwisha. Huyo serikali inamtaka apungue, na sikatai.

Lakini ulisikia mpango ule ukitaja bunduki? Kazi hiyo hufanywa kwa sumu maalumu chini ya wataalamu wenye kibali na kwa mitego, kwa sababu kunguru hao huishi mahali penye watu. Mlio mmoja wa bunduki utawatawanya kwa siku kadhaa, na wageni wako hawatarudi kabisa. Nyuma ya kunguru aliye juu ya paa la hoteli kuna paa lingine, na nyuma ya hilo kuna barabara ya tuktuk. Kazi yako wewe ni takataka. Funika mapipa, ondoa mabaki mezani mara mgeni anapoinuka, shauriana na jirani mfanye vivyo hivyo. Kunguru aliletwa kwa sababu ya takataka, na anabaki kwa sababu ya takataka.

Mkubwa wangu, kwako sina mafunzo marefu. Ulitaka bunduki kwa sababu ni alama ya ukubwa. Ukubwa wako utaonekana siku utakapoibeba hadi kituoni ukiwa umeikunjua, mitutu imefunguliwa, watu wote wakiona mwanga ndani yake. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Waliosema hivyo walikuwa wanafikiria kidole, na kidole hupona. Nawe una watoto. Ukiona mmoja analilia hiki chombo, mnyime.

Sasa binti yangu, wewe uliyeuliza.

Unaweza kuomba leseni na kujiunga na klabu yenye kiwanja halali, hata kama itabidi uende Nairobi. Usikubali mtu akwambie mchezo huu ni wa wanaume. Mwaka 1992, katika Olimpiki ya Barcelona, wanawake na wanaume walishindana pamoja katika skiti, aina moja ya mchezo wa kupiga visahani, na medali ya dhahabu ikaenda kwa msichana wa China aitwaye Zhang Shan. Michezo iliyofuata, wanawake hawakuruhusiwa kabisa katika skiti. Wakarudishwa mwaka 2000 katika shindano lao peke yao. Wewe fikiria mwenyewe kwa nini. Mkono wa mwanamke wa nchi hii unaochuma majani mawili na chipukizi kutwa nzima bila kuangalia vidole, huo ndio mkono wa kulenga.

Anza na macho. Nyoosha mikono, unganisha viganja ubakize tundu dogo, utazame mti wa mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili. Kisha rudisha mikono polepole usoni bila kuupoteza mti. Jicho itakakofikia mikono ndilo jicho lako kuu, na bega la upande huo ndilo la kuwekea kitako. Wenye jicho kuu la kushoto wanaolazimisha bega la kulia hukosa maisha yao yote na kulaumu bunduki. Ukishajua jicho lako, acha yote mawili wazi.

Bunduki hii haina alama ya nyuma ya kulengea. Jicho lako ndilo alama ya nyuma. Kwa hiyo shavu lazima likae juu ya kitako palepale kila mara. Ukiinua kichwa upana wa kidole kimoja tu ili uone vizuri, marisau yatapita juu. Kitako kije usoni kwanza, halafu begani. Fanya mazoezi hayo nyumbani kwa fimbo, bila bunduki, mpaka mwili uzoee.

Simama ukielekea mahali utakapokivunja kisahani, siyo mahali kinapotokea. Kiuno kitageuka kukifuata, miguu itabaki. Macho yako yawe kwenye kisahani, usiutazame mtutu. Kisahani huondoka mtamboni kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa. Marisau yako nayo yanahitaji muda kufika, kama sehemu ya kumi ya sekunde kwa mita 30. Muda huo ni mfupi, lakini kisahani kinachokatiza mbele yako kitakuwa kimekwenda mita mbili au zaidi. Kunguru akikatiza kwa mwendo wake wa kawaida atakuwa amekwenda zaidi ya mita moja. Ukifyatua alipo, umefyatua alipokuwa.

Basi anza nyuma ya kisahani, kipite, fyatua ukiwa mbele yake, na usisimamishe mtutu. Hapo ndipo wale mameneja walipokosea wote: walipita mbele vizuri, wakafyatua, na wakati huohuo wakasimama ili waone. Ni kama kummwagia maji kwa mpira wa bomba ndama anayekimbia. Ukisimamisha mkono, maji yote yanaangukia mkia. Endelea kuzunguka hata baada ya mlio.

Jifunze umbali. Hapa nitakupa kipimo cha nyumbani ambacho hakimo katika vitabu vya Wazungu. Chai yetu nyingi imepandwa kwa mistari inayoachana futi 4. Hesabu mistari 30, utapata futi 120, karibu mita 37. Huo ndio mwisho wa bunduki hii. Kaa kando ya shamba bila bunduki, tazama ndege wakipita, ukisie ni mistari mingapi, kisha uhesabu. Baada ya muda jicho litajua lenyewe. Chochote kilicho zaidi ya hapo si chako. Nimeona ndege waliojeruhiwa na watu wasiojua kupima wakienda kufa siku tatu baadaye msituni Chepalungu, na hakuna shabaha katika hilo.

Jua pia kilicho ndani ya risasi unayotia. Risasi moja ya mashindano ya kimataifa hubeba gramu 24 za marisau, na yakiwa ya milimita 2.4 utakuwa na kama punje 300. Hazisafiri pamoja kama jiwe. Zinatawanyika, na mdomo wa mtutu uliobanwa huzichelewesha kutawanyika. Usikisie zinavyotawanyika. Bandika karatasi pana kiwanjani, umbali wa mita 35, piga mara moja, chora duara la sentimita 75 na uhesabu matundu. Kisha badilisha mtutu, uhesabu tena. Katika saa moja karatasi hiyo itakufundisha kuliko mdomo wangu. Na ukiona mapengo makubwa kwenye duara, utaelewa kwa nini mtu hulenga vizuri na bado kisahani kikapita kizima.

Kuna jambo ninalolipenda katika kisahani kuliko shabaha nyingine yoyote: kinasema kweli papo hapo. Ninyi hamkuwepo, lakini mbingu ya Kericho imewahi kulengwa. Mnajua mvua yetu ya mawe. Dunia nzima inaitaja Kericho kwa hilo, kwamba mawe huanguka zaidi ya siku mia kwa mwaka, na asubuhi moja mbaya inaweza kuchana majani ya mwezi mzima. Miaka ya 1960 wataalamu wa hali ya hewa walirusha makombora yenye baruti kwenye mawingu juu ya chai, na baadaye ndege zikapita zikimwaga iodidi ya fedha, ili mawe yawe madogo au yageuke maji. Tulisikia milio, tukatazama juu. Mawe yakikosa kuanguka, walisema wamefaulu. Yakianguka, walisema yangekuwa makubwa zaidi. Nani angebisha? Wingu halina cha kukuonyesha. Kisahani kinavunjika au hakivunjiki, na kila mtu ameona, na wewe huna la kujitetea. Mtu anayekubali kuambiwa kweli mara 25 katika mzunguko mmoja, bila kukasirika na bila kulaumu kijana wa mtambo, huyo ninaweza kumwamini na mambo makubwa kuliko bunduki.

Tunza masikio. Mnajua ninyi nyote kwamba mkitaka nisikie mnakuja upande wangu wa kulia. Mpigaji wa mkono wa kulia huelekeza sikio la kushoto karibu na mdomo wa mtutu, na enzi zetu hakuna aliyetupa vizibo. Mlio mmoja tu unatosha kudhuru sikio. Vizibo na vifuniko vyote viwili, na miwani, kila mara, hata kama wenzako wanakucheka.

Tunza ardhi. Marisau ya kawaida ni ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Bata wanaoyaokota kwenye matope hufa polepole, na Marekani ilipiga marufuku kuyatumia kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991. Usifyatue kuelekea mto Nyangores wala kijito kinachoingia humo, maana maji hayo yanakwenda Mara na watu wanayanywa. Vipande vya visahani viokotwe pia, kwa kuwa lami yake imewahi kuua nguruwe walioila.

Na tunza mwendo wako. Bunduki ikiwa mkononi bila kazi, mitutu ifunguliwe. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka shabaha iwe imeonekana na nyuma yake pamejulikana. Kabla ya kuruka mtaro au kupita ua wa michongoma, toa risasi, hata kama umeruka hapo mara elfu. Usimpe mtu bunduki kabla hujamwonyesha kwamba ni tupu, na ukipewa, usimwamini aliyekupa, tazama mwenyewe. Ukiwa na hasira, ukiwa umelewa, ukiwa umeambiwa neno baya na mume au bosi, usiguse funguo za sanduku. Ukishuku jambo lolote, fungua mitutu urudi nyumbani. Hakuna mtu aliyewahi kuzikwa kwa ajili ya risasi ambayo haikufyatuliwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mgawanyo wa vitu ni huu. Bunduki na risasi: kituo cha polisi, kama nilivyosema. Lile sanduku la chuma lenye kufuli mbili: mkulima, aweke dawa za shamba humo, watoto wasizifikie. Darubini yangu: wewe wa Malindi, ujifunze kutofautisha kunguru wa kigeni na wa kwetu kabla hujasema neno mbele ya maafisa. Ada ya mwaka wa kwanza wa klabu na ya mafunzo: msichana, itoke kwenye bonasi yangu ya majani ya Oktoba, na asiwepo wa kumuuliza kwa nini. Mkubwa, wewe utasimamia yote haya yatendeke, na huo ndio urithi wako, maana nimekuamini nao.

La mwisho ni amri. Siku ya mazishi yangu, mtu yeyote asifyatue bunduki hewani kwa heshima yangu: si askari mstaafu mwenzangu, si mgeni mashuhuri, si jirani mwenye leseni. Kinachopanda kinashuka, na siku hiyo uwanja utajaa watoto, na mabati ya jirani bado ni mapya. Mkitaka kelele, kwaya ya akina mama wa kanisa la AGC inatosha, nayo haihitaji leseni.

Mbaki na amani, mheshimiane.

Ni mimi babu yenu.